Mwaka Tulipomwacha Bibi Arusi Akauke

Mume wangu alichukuliwa na jeshi msimu wa kupanda ngano, na asubuhi ya kuondoka alinipeleka mferejini akanionyesha kazi yake. Alikuwa mtu wa Bokoli, Bungoma, kama mimi, mrefu, mwenye kutembea akiangalia chini kama aliyeangusha kitu njiani. Tangu tuoane tulikuwa tumekaa katika shamba hilo la mzungu, upande wa Kitale unaoelekea Suam, na kazi yake ilikuwa kuchunga maji. Maji yalitoka katika kijito cha mlimani, yakaletwa shambani kwa mfereji uliochimbwa kwa majembe kabla sisi hatujafika. Yeye aliuita "mfeleji". Nyapara alimcheka kila siku kwa neno hilo, naye hakujali.

"Hapa ukiweka udongo, maji yanapinda yanaenda kule," aliniambia, akionyesha kwa ncha ya jembe. "Hapa ukifungua sana, utakata ukingo. Usikimbize maji. Yaache yatembee."

Nikamwuliza, "Na wewe utarudi lini?"

"Sijui, mama. Wao wenyewe hawajui."

Alinipa jembe, akapanda kilimani kwenda kwenye lori lililokuwa likisubiri barabarani. Sikulia pale. Nilisimama na lile jembe nikaangalia maji yakipita kwenye miguu yangu.

Bwana mwenye shamba naye alikuwa amekwisha kwenda vitani miezi kadhaa kabla. Aliyebaki ni memsahib, mke wake, mwanamke mwembamba aliyevaa kofia ya mumewe na viatu vya mumewe, akavifunga kwa kamba visimtoke. Wanaume wa kambi ya wafanyakazi walikuwa wachache. Wengine jeshi lilikuwa limewachukua, wengine walikuwa wamekimbilia kwao Bungoma kabla hawajaitwa. Nyapara alitaka kazi ya maji apewe mzee mmoja aliyekuwa akichunga ndama, lakini memsahib alinikuta mferejini siku iliyofuata nikiziba shimo la panya, akasimama akaniangalia mpaka nikamaliza.

"Wewe jua kazi hii?" akaniuliza.

"Naijua kidogo, memsahib. Bwana yangu alinifundisha."

"Basi fanya wewe."

Ndivyo nilivyoingia katika mambo ya ngano, mimi niliyekulia katika wimbi na mtama, ambaye kabla ya kuolewa nilikuwa sijawahi kuona ngano ila katika mkate wa misheni.

Kando ya mfereji palikuwa na kipande cha shamba ambacho bwana alikuwa amekipenda kuliko vingine vyote. Sehemu kubwa ya shamba lake ilikuwa upande wa chini, kwenye udongo mwepesi unaokauka upesi, na huko ngano ilikuwa ikimshinda mvua ikipungua. Kwa hiyo alitaka kujua ni mbegu gani inayoweza kuishi kwa maji machache. Kabla hajaondoka aliagiza kipande kile kigawanywe kwa mistari mirefu, kila mbegu na mstari wake, na wote wapate maji kidogo kwa kipimo kimoja. Memsahib alisema kazi hiyo itaendelea kama bwana alivyotaka. Serikali nayo ilitaka ngano kwa ajili ya vita, na kila aliyeweza kulima aliambiwa alime.

Mbegu zilikuwa tatu, na majina yake ya kizungu sikuyashika. Watu wa kambi walikuwa wamezipa majina yao. Ya kwanza iliitwa Bibi Arusi. Alikuwa mrefu, wa rangi ya kijani kibichi, na msimu ukiwa mzuri aliinamisha kichwa kwa uzito wa punje nyeupe. Huyo ndiye ambaye bwana alimpenda. Katika miaka ya mvua hakuna aliyemfikia. Ya pili iliitwa Askari, mfupi, aliyesimama wima, mwenye ndevu kali zinazochoma mikono. Punje zake zilikuwa nyekundu na ndogo. Ya tatu iliitwa Mgeni, kwa sababu ilikuwa imeletwa mwaka huo huo kutoka kwenye kituo cha mbegu na hakuna aliyejua tabia yake.

Mvua za kwanza zilinyesha vizuri tukadanganyika. Ngano iliota yote kwa pamoja, na aliyetangulia kujionyesha alikuwa Mgeni. Kila shina lilitoa machipukizi mengi, yakajaa mstari mpaka udongo ukafichika. Nyapara alikuwa akipita pale kila asubuhi anasema, "Huyu mgeni atatulisha sisi wote." Askari alikuwa mdogo na mwembamba, na ungeweza kuona udongo kati ya shina na shina. Nilimhurumia.

Halafu mvua ikakatika. Mwanzoni hatukuogopa, kwa maana mlimani kulikuwa bado na mawingu. Lakini mawingu yalikaa kule kule juu, na upepo ukaanza kuvuma mchana, upepo mkavu unaopasua midomo. Majani ya mahindi yalijikunja. Barua kutoka Bokoli, iliyoandikwa na katekista kwa niaba ya mama mkwe wangu, ilisema kwamba huko nako wimbi lilikuwa limesimama bila kuzaa, na watu walikuwa wameanza kuchimba mizizi.

Kila asubuhi nilitembea mfereji kutoka juu hadi chini. Mume wangu alikuwa ameweka jiwe kubwa mahali maji yanapoingia shambani, na kila mara niliona jiwe lile limejitokeza zaidi. Nilijifunza kuupima udongo kwa mkono, nikichimba mpaka kidole kizima kiingie, nikachukua udongo wa chini na kuufinyanga. Ukishikana kama unga wa ugali, ngano inaweza kusubiri. Ukimwagika, haiwezi. Chini ya Mgeni udongo ulimwagika kwanza. Machipukizi yale mengi tuliyoyasifu yalikuwa yamekunywa kila kitu. Chini ya Bibi Arusi ulifuata. Chini ya Askari ulikuwa bado unashikana kidogo, na mchana, wengine walipokunja majani, yeye aliyafunga kama mtu anayebana mikono kifuani, jioni akayafungua.

Memsahib alikuwa akija kila siku. Alipiga magoti kwenye udongo kama mimi, akafinyanga kama mimi. Alizungumza Kiswahili cha amri, kile walichokisema wazungu wote wa huko, lakini tulipokuwa peke yetu mferejini sauti yake ilishuka.

"Bwana yako naandika barua?" aliniuliza siku moja.

"Ilikuja moja, memsahib. Anasema yuko mbali, ng'ambo ya bahari. Mahali panaitwa Bama."

"Burma. Bwana yangu pia huko," akasema. Akajipangusa mikono kwenye suruali. "Pengine wao naonana."

Nilijua kwamba hawakuonana, na yeye alijua. Lakini tulikaa na neno lile kidogo, kila mmoja na lake.

Shida yenyewe haikuanza kwenye ngano. Ilianza kambini. Mfereji ulipotoka kwenye ngano uliendelea mpaka kwenye nyumba zetu, na maji yake ndiyo tuliyokunywa, tuliyopikia na kumwagilia vijibustani vya mboga. Maji yalipopungua, nyapara alitoa amri kwamba yote yaishie kwenye ngano. Kambi ilibaki na mkondo mkavu. Wanawake walianza kuchimba mchanga chini ya daraja la magogo, wakichota kwa kibuyu maji machafu yaliyojikusanya kidogo kidogo.

Kambini tulikuwa na mama mmoja mzee kutoka Nyeri, aliyekuja na mumewe zamani kufuata kazi, mumewe akafa, naye akabaki. Tulimwita cucu, yaani bibi kwa lugha yake. Yeye ndiye aliyekuja kunitafuta mferejini, akiwa na wanawake wengine nyuma yake wamebeba madebe matupu.

"Mwanangu," akasema, "wewe ndiye una maji."

"Maji si yangu, cucu. Nimeambiwa yasipite hapa."

"Umeambiwa na nani?"

"Nyapara."

"Nyapara anakunywa maji ya nyumba kubwa." Aliliweka debe lake chini, kando ya ukingo. "Mjukuu wangu tumbo linamwendesha tangu juzi. Wa jirani pia. Sisi hatujakuja kukugombeza. Tumekuja ujue tu."

Hawakunilazimisha. Walisimama pale na madebe yao matupu. Nilikuwa na jembe mkononi. Ningeweza kukata ukingo pale pale na maji yangeshuka. Lakini nilijua nyapara angenifukuza kabla ya jioni, amweke mtu mwingine, na mfereji ungefungwa tena. Nikawaambia wanisubiri. Nikaacha jembe kwa cucu, nikapanda kwenda nyumba kubwa.

Sikuwa nimewahi kufika mbele ya baraza ile. Mpishi alitaka kunirudisha, lakini memsahib alisikia sauti akatoka. Nikamweleza. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, na alipojibu alijibu upesi.

"Ngano kwanza. Serikali nataka ngano. Watu nachota maji mtoni."

"Mtoni ni mbali, memsahib, na mto wenyewe umebaki mabwawa ya ng'ombe. Watoto wanaugua."

"Watoto ngapi?"

"Njoo uone," nikamwambia.

Mpishi alishtuka, maana hakuna aliyemwambia memsahib "njoo". Nami nilishtuka. Lakini alichukua kofia yake akashuka nami.

Tulipita kwenye wale wanawake. Tulifika darajani. Msichana mmoja alikuwa ameinama kwenye shimo la mchanga, akichota maji ya rangi ya chai ya maziwa na kuyachuja kwa kipande cha kanga. Memsahib aliyaangalia maji yale. Akaingia katika nyumba ya cucu, akainama kwenye mlango mfupi, akakaa ndani kitambo. Mtoto alikuwa amelala mkekani, macho yamezama, midomo imekauka. Alipotoka, memsahib hakumtazama mtu. Alirudi kilimani kwa hatua ndefu, viatu vya mumewe vikigonga mawe.

Nilidhani mambo yamekwisha. Lakini mchana ule ule alishuka tena na mfuko wa chumvi na sukari za kuwachanganyia watoto katika maji yaliyochemshwa, akampa cucu. Halafu akaniita kwenye ngano. Tukasimama kwenye kichwa cha mistari ile mitatu.

Bibi Arusi alikuwa ameanza kubeba mimba. Hivyo ndivyo tulivyosema, suke likiwa bado limefungwa ndani ya shina na shina limevimba. Ni wakati huo ngano inataka maji kuliko wakati wowote. Askari alikuwa amekwisha tangulia, masuke yake yalikuwa yanachungulia. Mgeni alikuwa ameanza kuacha machipukizi yake yafe, moja moja, yakigeuka manjano kuanzia chini.

"Maji natosha tatu?" akaniuliza.

"Hapana."

"Mbili na watu?"

Nikafikiri. "Mbili na watu, pengine. Lakini huyu mrefu anakunywa sana. Tukimpa yeye, wengine hawapati kitu."

Alishika shina moja la Bibi Arusi akalibonyeza taratibu mahali palipovimba, kama mkunga anavyobonyeza.

"Hii bwana yangu napenda," akasema.

"Najua, memsahib."

"Yeye nasema, nikirudi nataka kuona hii." Akaliachia lile shina. "Funga."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Nifunge wapi?"

"Hii ndefu. Funga kabisa. Peleka maji fupi mara moja, mgeni mara moja. Yote nabaki, peleka kwa watu." Kisha akasema neno moja kwa lugha yake ambalo silijui, akaondoka.

Nilitia udongo kwenye mlango wa maji wa Bibi Arusi, nikaukanyaga. Niliupanda mstari ule kwa mkono wangu, na mume wangu alikuwa ameulima. Niliwaza kwamba memsahib angeweza kuwaacha watu wateseke, hakuna ambaye angemwuliza. Niliwaza pia kwamba angeweza kutupa maji tangu mwanzo. Mawazo yote mawili nilikuwa nayo, na hata leo ninayo.

Maji yalifika kambini jioni. Wanawake hawakupiga vigelegele. Walijaza madebe, wakaosha watoto, wakanyunyizia mboga kwa viganja. Mjukuu wa cucu alipona. Mtoto wa jirani hakupona. Tulimzika kwenye mlima mdogo juu ya mto, na memsahib alituma mbao za jeneza lakini yeye mwenyewe hakuja.

Bibi Arusi alichukua muda kufa. Hilo ndilo lililoniumiza. Alitoa masuke yake hata hivyo, marefu, mazuri kuyaangalia, nayo yalikuwa yakipauka siku hadi siku kuanzia juu. Ukipasua ganda ulikuta kitu kama makapi, hakuna punje. Mahali palipokuwa na kivuli cha mti kulikuwa na punje chache chini ya suke, nyembamba kama kucha. Tuliukata ule mstari tukawapa ng'ombe.

Mgeni, kwa yale maji ya mara moja, alinyanyuka. Yale machipukizi yaliyosalia yalizaa, na kwa majuma machache alionekana kama atamshinda Askari. Halafu siku za mwisho zikawa na joto, na punje zake zikasinyaa kabla hazijajaa. Alitupa majani mengi ya kuezekea na unga kidogo. Askari alijaza punje zake zote. Zilikuwa ndogo, na suke lenyewe lilikuwa fupi kama kidole, lakini kila chumba kilikuwa na mtu wake. Hata pembeni, kwenye ule ukingo ambao maji hayakufika kabisa, alizaa kitu. Nilipovunja suke la kwanza kiganjani nikapuliza makapi, nikaona zile punje nyekundu, nilimwita memsahib kwa sauti kubwa bila kukusudia. Alikuja mbio. Akazitia mdomoni akazitafuna, nami nikatafuna, tukatazamana. Ndiyo mara pekee niliyomwona akitabasamu mwaka ule.

Shemeji yangu, ndugu mdogo wa mume wangu, alikuja wakati tukipura. Alikuwa ametembea kutoka Bokoli. Tulikuwa tumetandaza turubai, wanawake wamejipanga na fimbo, na vumbi la makapi lilikuwa limetuvaa mpaka kwenye kope. Nilimwona akija kwenye njia ya ng'ombe, nikafurahi, nikadhani ameleta wimbi kutoka nyumbani. Kisha nikaona kwamba hakubeba kitu chochote.

"Karibu, mulamwa," nikamwambia kwa lugha yetu. "Mbona hujatuma habari?"

"Nimekuja na habari yenyewe," akasema. Akavua kofia. Wanawake waliacha kupiga. "Chifu aliitwa na DC. Akapewa karatasi. Ndugu yangu hayuko."

"Hayuko wapi?"

"Hayuko, mama. Ni ugonjwa, si risasi. Homa ya huko. Wamemzika huko huko."

Cucu alinishika mkono. Nakumbuka kwamba nilikaa juu ya ngano, na punje zilinichoma miguu, na kwamba nilikuwa nikizikusanya na kuzirudisha katikati ya turubai kwa viganja vyangu, tena na tena, mpaka cucu akanishika na mkono wa pili akaniambia niache.

Memsahib aliambiwa na nyapara. Alikuja akakuta nimezungukwa na wanawake. Hakusema pole. Pengine hakujua namna ya kuisema. Alikaa chini kwenye gunia, mbali kidogo, mikono magotini, akabaki pale mpaka wanawake walipokwisha kulia. Kisha akamwambia nyapara anipe nauli na unga wa safari, na kwamba nyumba yangu isiguswe na mtu.

Kule Bokoli matanga yalikuwa ya ajabu, kwa sababu hapakuwa na kaburi la kuchimba. Wanaume walikuja na majembe kwa mazoea, wakayaegemeza kwenye ukuta, wakakaa bila kujua wafanye nini na mikono yao. Mama mkwe aliimba nyimbo za maombolezo mpaka sauti ikakatika. Katekista akaomba. Wazee walinyoa nywele zangu, kisha wakaanza kusema juu ya shemeji, kwamba anirithi kama ilivyo desturi. Shemeji mwenyewe aliinamisha kichwa. Alikuwa kijana mwema na alikuwa na mchumba wake. Nikawaambia wazee kwa heshima kwamba nina kazi kule Kitale na kwamba maji yananisubiri. Walinishangaa. Mmoja akauliza, "Maji ya nani?" Lakini mama mkwe akasema, "Mwacheni aende. Akikaa hapa atakufa na yeye."

Nikarudi. Nilichunga mfereji ule mpaka vita vikaisha, na baada ya vita.

Bwana alirudi akiwa na mguu mbovu na nywele nyeupe. Siku chache baada ya kufika alishuka mferejini kwa fimbo, memsahib kando yake. Aliniangalia akanipa mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla ya vita. Akaniambia amesikia habari ya mume wangu, na kwamba alikuwa mtu wa kazi. Nikashukuru. Kisha akatazama mistari.

"Ile ngano yangu ndefu iko wapi?"

Memsahib akamjibu kwa lugha yao, maneno machache. Sikuyaelewa, lakini niliona alivyonyoosha mkono, kwanza kwenye mstari, kisha kule chini kwenye nyumba zetu, kisha kwenye mlima mdogo juu ya mto. Bwana alifuata ule mkono kwa macho. Hakukasirika. Alichomoa kiko akakiangalia bila kukiwasha.

"Niambie wewe," akaniambia. "Kila moja ilikuwa vipi?"

Nikamwambia yote. Huyu alikunywa hivi, huyu alisubiri hivi, huyu alidanganya mwanzoni akashindwa mwishoni. Alisikiliza mpaka mwisho. Msimu uliofuata aliupanda ule upande mkavu wote kwa Askari.

Mwaka wa kwanza tulivuna vizuri. Mwaka wa pili mvua ilinyesha bila kupumzika, ukungu ukakaa shambani mpaka mchana, na Askari akaingiwa na kutu. Ilianza kama vumbi jekundu kwenye majani ya chini, na baada ya muda ukipita shambani nguo ilitoka nyekundu kama mtu aliyeanguka barabarani. Shamba zima liliteketea. Kwa jirani, ambaye alikuwa ameendelea na ile mbegu ndefu, ngano iliinamisha vichwa mpaka chini. Bwana alisimama mpakani akiiangalia. Nilikuwa nyuma yake na jembe langu, katika mwaka ambao hakuna aliyehitaji maji yangu.

"Mimi najua nini?" akasema, lakini hakuwa akiniuliza mimi.

Niliondoka kwenye shamba lile mwaka wa Hali ya Hatari, serikali ilipowakusanya watu wa kwao cucu na kuwarudisha Nyeri. Malori yalikuja asubuhi. Askari polisi waliwapa muda wa kufunga mizigo, na cucu alitumia wote kuchuma mboga zake, zikiwa bado changa, akizigawa kwa kila nyumba ya kambi. Alikuwa amekaa pale muda mrefu kuliko sisi wote, kuliko hata bwana. Memsahib alibishana na ofisa wa polisi barabarani, uso mwekundu, lakini ofisa alikuwa na amri yake. Cucu alipandishwa lorini na mjukuu wake, ambaye sasa alikuwa kijana wa ndevu. Alinipungia mkono mara moja tu. Kambi ilikuwa nusu tupu baada ya hapo, na bwana alikuwa amenunua pampu iendayo kwa mafuta. Nilimwambia memsahib kwamba nataka kwenda nyumbani. Hakunizuia. Alinipa blanketi, na kopo la mbegu nilizomwomba mwenyewe, za Askari.

Nilizipanda Bokoli, chini ya nyumba ya mama mkwe, karibu na chemchemi, nikazimwagilia kwa debe. Bokoli ni chini, kuna joto zaidi kuliko Kitale. Ngano iliharakishwa na lile joto, ikatoa masuke ikiwa chini ya goti, na ndege wakaizoea kabla haijakauka. Nilifukuza ndege majuma mengi. Mama mkwe alikuwa amekwisha kuzeeka, macho yake yalikuwa yameanza kufunga, naye alikaa kwenye kigoda kando ya ile ngano akisaidia kupiga kelele.

Nilichovuna kilijaa kibuyu. Hatukuwa na kinu cha kusaga unga laini, na jiwe letu la wimbi liliiacha na maganda. Nikaichemsha nzima pamoja na maharagwe. Mama mkwe alitafuna polepole kwa meno yake machache.

"Ni hii uliyorudi kuichungia maji?" akaniuliza.

"Ni hii, mama."

Akatafuna tena. Kisha akasema, "Inateleza. Si mbaya," akanyoosha sahani nimwongeze.

Nilimwongeza. Msimu uliofuata nilipanda wimbi mahali pale, likastawi.